Darubini Inayocheza Upepo Ukivuma: Maswali ya Wasomaji

Upepo wa kusi ukishika kasi, barua za waliojitengenezea darubini huanza kufanana. Chombo kilichotulia vizuri kipindi cha tanga mbili sasa hakikai, na kila mwenye nacho ameshajaribu kukiongezea uzito. Tumechagua barua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa linalojirudia kwenye nyingine.

SWALI: Nina darubini ya kioo cha milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1,200. Mwili wake ni bomba la plastiki la maji taka la milimita 250, limekaa kwenye sanduku la plaiwudi la mtindo wa Dobson, lile linalozunguka juu ya ubao wa chini huku bomba likiinama na kuinuka ndani yake. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25 naona vizuri. Nikiweka ya milimita 6, sayari ya Mshtarii inarukaruka kila upepo ukipita. Nimetia matofali mawili ndani ya sanduku lakini hali ni ile ile. Nifanyeje? – *Msomaji, Malindi*

JIBU: Matofali yatoe kwanza. Sababu utaiona mbele kidogo.

Tuanze na ukubwa wa tatizo, maana wengi hudhani darubini yao inayumba sana kumbe inayumba kidogo mno. Lenzi yako ya milimita 6 inakuza mara 200, yaani 1,200 gawanya kwa 6. Kwa ukuzaji huo, mdomo wa bomba ulio sentimita 80 kutoka kwenye mhimili, pale bomba linapoinamia, ukisogea milimita 0.08 tu, yaani unene wa unywele, Mshtarii inahama karibu nusu ya upana wake. Lenzi ya milimita 25 inakuza mara 48, kwa hiyo uhamaji huo huo unaonekana mdogo mara nne na jicho linausamehe. Usitafute kitu kinachochezacheza waziwazi. Unatafuta unywele.

Upepo nao una hesabu yake. Bomba la urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 25 linaukabili upepo kwa eneo la mita za mraba 0.3. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule wa kuchezesha majani na vitawi bila kukoma, unalisukuma kwa nguvu ya takriban gramu 350. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu inakuwa mara nne: kwa mita 10 kwa sekunde ni kilo 1.4. Ndiyo maana saa mbili usiku darubini inatulia na saa tatu haitazamiki, ilhali wewe uliyesimama kando yake huoni kama upepo umebadilika kiasi hicho.

Si nguvu yote hiyo inayogeuza bomba. Sehemu ya mbele ya mhimili na ya nyuma yake zinasukumwa kwa pamoja na zinapingana, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Kinachobaki ni tofauti yao. Kioo kikuu ni kizito, kwa hiyo mhimili hukaa karibu nacho. Tuchukulie sentimita 40 kutoka nyuma na 80 kutoka mbele: upande wa mbele unashinda, na upepo wa mita 5 unageuza bomba kana kwamba umetundika gramu 70 mita moja kutoka kwenye mhimili. Upepo wa mita 10 ni kama gramu 285 mahali hapo hapo.

Sasa keti utazame upepo ukipita. Mshtarii inaruka na kurudi palepale, au inaruka na kubaki ilikofika? Jibu la swali hilo linakuokolea wiki nzima ya useremala.

*Ikiwa hairudi*, beringi za pembeni, yaani miduara miwili ya ubavuni mwa bomba inayokalia sanduku, zimeteleza. Beringi za darubini ya kwanza ya mtu mara nyingi ni vizibo vya bomba au miduara ya ubao ya kipenyo cha sentimita 20. Bomba la kilo 14 likikalia vipande vinne vya tefloni, ile plastiki nyeupe inayoteleza, viwili kila upande vikiwa vimeachana kwa digrii 70, msuguano wake unalingana na gramu 170 hivi mita moja kutoka kwenye mhimili. Gramu 70 za upepo mdogo zinashindwa, gramu 285 za upepo mkubwa zinashinda. Ukitengeneza beringi za kipenyo cha sentimita 40, msuguano unapanda hadi gramu 340 bila kuongeza uzito. Bado utaisukuma darubini kwa vidole viwili.

Zikate kama nusu duara kwenye plaiwudi ya milimita 18. Kitovu cha duara lazima kiangukie pale bomba linapojisawazisha lenyewe likiwa na lenzi ya jicho na darubini ndogo ya kulengea. Tafuta sehemu hiyo kwa kulaza bomba juu ya mpini wa jembe, si kwa kukisia. Ukingo wa duara uvike utepe wa formeka (karatasi ngumu ya kuvikia meza) yenye chembechembe: paka gundi ya viatu pande zote mbili, ziache dakika 10 hadi 15 mpaka zisigande kwenye kidole, ndipo uzibane. Vipande vya tefloni viwe vya sentimita 2 kwa 2, unene milimita 3 hadi 5. Kanuni ni kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Tefloni huteleza vizuri inapobanwa. Ukiweka vipande vipana, shinikizo linapungua, msuguano unapanda na mwendo unakuwa wa kukwama. Misumari midogo ya kuvishikilia izamishwe chini ya uso wa tefloni, la sivyo itachana formeka usiku wa kwanza.

Usisawazishe bomba kwa kutundika chuma nyuma ya kioo. Hufanywa sana, lakini mhimili unarudi nyuma zaidi, sehemu ya mbele inarefuka, na upepo unapata mkono mrefu wa kushika. Punguza uzito wa mbele badala yake. Darubini ya kulengea ya chuma iliyotoka kwenye chombo kingine huwa ndiyo mzigo wenyewe.

*Ikiwa inaruka na kurudi*, huku ikitetemeka kabla ya kutulia, msuguano wako hauna neno. Kuna ubao unaopinda au kiungo kinachofunguka na kufunga. Kwenye usiku usio na upepo, gonga mdomo wa bomba kwa kidole ukiwa unatazama nyota, uhesabu mpaka itulie. Sekunde moja hadi mbili ni nzuri. Zikifika nne, tafuta. Weka ncha za vidole vyako zikikalia kiungo, nusu kwenye ubao huu na nusu kwenye ule, mwenzako asukume bomba taratibu. Kidole kinahisi mchezo ambao jicho haliuoni. Anza chini kwenye miguu, upande kiungo kwa kiungo.

Mara nyingi utaukuta sehemu mbili. Ya kwanza ni sanduku lisilo na ubao wa mbele, au lenye ubao mfupi wa mapambo. Mbao mbili za pembeni zikisimama peke yake hulala kulia na kushoto kama kurasa za kitabu. Ubao wa mbele ndio unaozizuia, kwa hiyo uwe mrefu kadiri bomba litakavyoruhusu linapoinama, na uunganishwe kwa gundi ya mbao pamoja na skrubu, kisha vipande vya pembetatu kwenye kona za ndani. Skrubu peke yake hulegea baada ya safari tatu za gari. Kama mbao za pembeni ni za milimita 12, badilisha uweke za milimita 18. Ugumu wa ubao hufuata unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo milimita hizo 6 zinakupa ugumu wa zaidi ya mara tatu.

Ya pili ni ubao wa chini. Ubao huo una miguu mitatu upande wa ardhi na vipande vitatu vya tefloni upande wa juu. Kila kipande lazima kikae juu kabisa ya mguu wake. Kikiwa katikati ya miguu miwili, uzito wote unakalia ubao unaoning'inia, na hapo umejitengenezea springi. Igeuze darubini leo uangalie. Kuna uwezekano mkubwa ndiko kosa liliko. Boliti ya katikati, ya milimita 10 au 12, kazi yake ni kuwa mhimili wa kuzungukia. Ikaze mpaka isilegee, basi. Ukiikaza zaidi inainua uzito kutoka kwenye tefloni.

Na matofali? Uzito uliowekwa ndani ya sanduku unakalia tefloni za ubao wa chini peke yake. Unaongeza msuguano wa kwenda kulia na kushoto, ambao kwa kawaida ulikuwa unatosha tangu mwanzo. Beringi za pembeni, zinazoshika mwendo wa juu na chini, hazijui kama matofali yapo. Na kama tatizo ni ubao unaopinda, kuzidisha uzito juu yake kunafanya mtikisiko uwe wa polepole zaidi na uchukue muda mrefu kufa.

Ukishamaliza hayo yote na picha bado inaruka, angalia ndani ya bomba. Springi za kurekebishia kioo kikuu zikiwa laini, kioo kinacheza chenyewe huku bomba limetulia. Springi za klachi ya pikipiki zinafaa sana mahali hapo. Ongeza nati za kufungia. Mikono myembamba ya bati inayokishika kioo kidogo cha mshazari nayo ivutwe kwa nati sawasawa pande zote, hadi ukiigusa kwa kucha itoe mlio wa uzi wa gitaa.

SWALI: Sikupata tefloni nikatumia ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Upepo hauisumbui darubini, lakini nikitaka kuisogeza inakwama, halafu inachomoka na kuipita nyota. Nipake grisi? – *Msomaji, Tanga*

JIBU: Grisi hapana. Itaondoa msuguano unaokukinga na upepo, na ndani ya wiki itakuwa imeshika vumbi ikawa msasa.

Plastiki hiyo ina tabia ya kudai nguvu kubwa kuanza kuteleza na ndogo kuendelea, ndiyo sababu inachomoka. Kwanza, formeka yako isiwe ile laini inayong'aa. Iwe yenye chembechembe, ili plastiki iguse vichwa vya chembe tu. Pili, punguza ukubwa wa vipande hadi vifikie ile kilo moja kwa sentimita ya mraba. Tatu, paka formeka nta ya kung'arishia gari, safu nyembamba, uiache ikauke na uifute kwa kitambaa. Rudia kila baada ya miezi michache.

Kuhusu tefloni yenyewe, umeitafuta kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambako haipo. Nenda kwa fundi mkereza anayechonga bushi za mashine. Masalio yanayomwangukia chini ya mashine yanatosha darubini tatu.

SWALI: Kitako changu ni cha mabomba ya maji ya inchi 1, nguzo ya mita 1.2 na viungo vya T vinavyozunguka kwenye nyuzi zake. Juu kuna darubini ya milimita 150. Nikigusa tu shingo ya lenzi, inachukua sekunde sita kutulia, na penye upepo haitulii kabisa. Nijaze zege ndani ya nguzo? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Zege ndani ya bomba la inchi 1 litakuongezea kazi ya kubeba na ugumu kidogo sana. Ugumu wa nguzo unatoka kwenye upana wake. Bomba la inchi 2 ni gumu karibu mara saba kuliko la inchi 1, na linapatikana duka lile lile. Urefu nao unahesabiwa mara tatu: ukikata nguzo kutoka sentimita 120 hadi 90, inakuwa ngumu mara 2.4. Fanya yote mawili na umepata ugumu wa takriban mara 17. Utalazimika kuketi kwenye kigoda. Hilo ni jema, maana mtazamaji aliyeketi naye hatikisiki.

Kisha nyuzi. Nyuzi za mabomba ya maji zimekatwa ili zibane na kuziba, si ili zizunguke, kwa hiyo zikilegezwa kidogo huacha nafasi ya kucheza. Dawa yake ni ya gereji: nunua unga wa kusagia valvu, upake kwenye nyuzi, uzungushe kiungo mbele na nyuma kwa dakika 20 ukikikaza kidogo kidogo. Nyuzi zitasagana hadi zilingane. Osha kwa mafuta ya taa mpaka usione kijivu hata kidogo, kwa sababu unga ukibaki utaendelea kula chuma, halafu jaza grisi nzito. Hapa grisi inafaa: inajaza nafasi iliyobaki na kuumeza mtikisiko.

Ukitaka kujaza nguzo, jaza mchanga. Uchekeche, ukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka uache kutoa mvuke, umimine huku ukigonga bomba ili ushuke, na uzibe juu. Chembe za mchanga zinaposuguana zinageuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo nguzo ikigongwa inatoa mlio mfu wa gogo badala ya kengele. Mchanga wenye unyevu utaiozesha nguzo kutokea ndani.

Chini, sahani ya nguzo ifungwe kwenye miguu ya mbao ya inchi 2 kwa 4 kwa boliti zinazopenya hadi upande wa pili. Skrubu za mbao hapo ni kazi bure. Na ule mfuko wa mawe unaotundikwa katikati ya miguu usiuache uning'inie hewani, upepo utaubembeza nao utaibembeza darubini. Urefushe kamba hadi mfuko uguse ardhi huku kamba ikiwa imekaza.

SWALI: Shule yetu iko juu ya kilima, hakuna mti wala ukuta karibu na uwanja. Tuna darubini moja na wanafunzi wengi. Turubai tulilosimamisha liling'oka, na hata kabla halijang'oka darubini ilikuwa inatikisika vilevile. – *Mwalimu, Makete*

JIBU: Mwalimu, turubai ndilo lililowaponza. Kizuizi kisichopitisha hewa hakiumalizi upepo. Unapanda juu yake na kuanguka nyuma kwa vizingo, na vizingo hivyo vinaigonga darubini kutoka pande zote. Kinachotakiwa ni kizuizi chenye matundu, kiasi cha nusu wazi na nusu ziba. Neti ya kivuli ya wakulima wa bustani, ile ya asilimia 50, ndiyo hasa. Sehemu ya upepo inapita ikiwa imechoka na kulainika, na haiachi pengo nyuma la kuvuta vizingo.

Chukueni neti ya urefu wa mita 6, isimame kimo cha mita 2. Nguzo tano, mita moja na nusu kati ya moja na nyingine, zizamishwe nusu mita. Zipangwe kama upinde unaoikumbatia darubini kwa upande wa goshini, unakotoka upepo. Neti ifungwe kila sentimita 30 na ivutwe mpaka isipigepige. Kila nguzo iwe na kamba ya kuishikilia kwa upande wa upepo, imelala digrii 45, kwenye kigingi cha sentimita 40 kilichopigwa kikiegemea mbali na nguzo. Kamba hizi si za kupuuza: upepo wa mita 10 kwa sekunde unaweza kuisukuma neti hiyo kwa nguvu ya karibu kilo 50. Zifungeni vitambaa vyeupe, maana watoto watakuwa wanapita gizani.

Darubini ikae mita 3 nyuma ya neti. Mkiisogeza karibu zaidi, neti inaficha anga nyingi. Kwa umbali huo, kwa mtu anayetazama kutoka kimo cha mita 1.2, zinazofichika ni digrii 15 za mwanzo juu ya upeo wa upande huo, kiasi cha kidole cha shahada hadi kidole cha mwisho ukivitanua mkono ukiwa umenyooka. Upande mwingine wote uko wazi. Pangeni ratiba kulingana na hilo: vitu vilivyo chini angani vitazamwe upande upepo unakoelekea, ambapo bomba linaupa upepo mgongo wake mdogo wa duara badala ya ubavu. Vya upande wa upepo vingojewe vipande juu.

Kama siku hiyo kuna gari shuleni, liegesheni goshini mwa neti. Hakuna gharama.

SWALI: Natazama juu ya paa bapa la nyumba ya ghorofa tatu. Usiku mwingine Zohali inatetemeka kama iko chini ya maji hata bila upepo mkubwa. Ni upepo au ni kitu gani? – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Upepo huihamisha sayari nzima, mduara na pete zake pamoja, na umbo halibadiliki. Unachoeleza, kingo kuchemka huku sayari imebaki mahali pake, ni hewa. Zege la paa limekunywa jua mchana kutwa na linatoa joto hadi usiku wa manane, na joto hilo linapanda mbele ya mdomo wa bomba lako. Kioo chenyewe kikiwa bado cha moto kinafanya hivyo hivyo: kitoe nje saa moja kabla.

Paa lina hasara ya pili. Upepo unaogonga ukuta wa nyumba hupanda na kuongeza kasi ukingoni, kwa hiyo mtu wa paani anapata upepo mkali kuliko wa chini. Na kila mtu anayepanda ngazi utamuona kwenye lenzi. Uani, nyuma ya ukuta, penye majani, utaona vizuri zaidi hata kama anga yako ni nusu. Ukilazimika kubaki paani, weka chini ya kila mguu kipande cha soli ya kandambili kati ya vibao viwili vidogo vya plaiwudi. Mpira laini unapunguza mkia wa mtikisiko kwenye zege. Kwenye udongo hauna faida. Huko chongeni miguu.

SWALI: Nimeunda darubini ya fito badala ya bomba, kioo cha milimita 300, nikaivika kitambaa cheusi kuzuia mwanga na vumbi. Upepo ukianza inakuwa tanga. Nivue kitambaa? – *Msomaji, Maskati*

JIBU: Ukiwa gizani, vua, na uzungushe kadi nyeusi nyuma ya kioo kidogo, mkabala na shingo ya lenzi, kuzuia mwanga wa pembeni. Ukiwa mjini huwezi kuvua. Badilisha kitambaa: tumia kinachonyumbuka, kama cha nguo za michezo, kilichoshonwa kidogo kuliko mduara wa fito ili kikae kimekaza. Kinachoitikisa darubini zaidi ni kitambaa kupiga kofi fito, kuliko msukumo wenyewe. Angalia pia kama fito zako nane zinakutana mbili mbili kwenye pembetatu. Fito zilizosimama sambamba kama miguu ya meza hulala upande hata bila kitambaa, na hakuna boliti itakayozizuia.

SWALI: Napiga picha za mwezi kwa simu iliyofungwa kwenye lenzi ya jicho. Zote zina ukungu. – *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Kidole chako kinachobonyeza simu ni upepo tosha. Tumia kipima muda cha sekunde 10. Sekunde 3 hazitoshi kwa darubini inayochukua nne kutulia. Upepo ukiwepo, acha picha, rekodi video ya sekunde 30 na uchague fremu zilizotulia. Programu ya bure ya AutoStakkert inakuchagulia yenyewe. Simu ina gramu 200 mdomoni mwa bomba, kwa hiyo sawazisha upya kwa kuondoa darubini ya kulengea baada ya kuupata mwezi. Na mkipima mitikisiko mchana kwa kutazama mnara wa mbali, bomba lisielekee upande wa jua hata kwa bahati mbaya. Kupitia darubini, jicho au kamera inaungua mara moja.